Toleo Nililolifuta Siku ya Nikahi

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa kijana wa ndevu tatu, fundi wa kompyuta pale Ukunda, na majivuno yangu hayapiti mlangoni.

Jirani yetu Bi Riziki alikuwa anamwoza bintiye. Mumewe, Mzee Hamisi, ni baharia, yuko melini mbali, simu haishiki. Ila meli ilikuwa na intaneti na programu ya kuongelea, toleo la zamani. Bila sauti yake kumruhusu shehe amwozeshe bintiye, nikahi haifungwi. Kazi hiyo nikapewa mimi na kompyuta yangu ya Linux.

Asubuhi ya harusi nikaona toleo jipya limetoka. Nikaliweka, la zamani nikalifuta. Kujitia ujuzi tu! Shehe keshaketi, bwana harusi jasho lamtiririka, pilau lanukia, nami napiga, napiga. Toleo langu jipya na lile la melini hayaelewani ng'o! Na Mzee Hamisi amebakiwa na nusu saa aingie zamu.

Bi Riziki akaja akanisimamia, mkono kiunoni. "We mwana we! Lile tulilojaribia juzi liko wapi?"

"Nimelifuta, mama."

"Umelifuta? Mimi nikinunua sufuria mpya, ya zamani naitupa kabla sijaijua mpya inavyopika? Usiache mbachao kwa msala upitao!"

Niliona haya, wallahi. Lakini faili la toleo la zamani nilikuwa nalo kwenye flashi. Nikaliweka katika folda yake peke yake. Kulifungua, likagoma, kumbe lasoma mipangilio ya lile jipya. Nikalipa na mipangilio yake, mbali na ya mwenzake. Likafunguka!

"Asalaam aleikum!" sauti ya Mzee Hamisi ikajaa sebuleni. "Mshakula pilau bila mimi?"

Akampa shehe ruhusa, nikahi ikafungwa. Vigelegele hivyo! Bi Riziki akalia kwa furaha, kisha akanifinya sikio.

Basi mwanangu, kipya kipokee, sikukatazi. Lakini kila toleo lipe folda yake na mipangilio yake, na la zamani usilifute mpaka ujue anayekungoja upande wa pili anatumia lipi. Kompyuta yangu leo ina matoleo matatu, na hayajapata kugombana.

Mola akupe maarifa na subira, na siku ukioza wako, sauti unayoingoja ikufikie.