Shangazi wa Bodi ya Wanyama

Niseme mapema tusije tukalaumiana: mimi mbwa siwapendi. Nilishawahi kukimbizwa na kijibwa kisichozidi ukubwa wa kiatu, nikapanda juu ya ndoo, na mtaa mzima ukacheka. Kwa hiyo haya sisimulii kwa mapenzi ya mbwa. Nasimulia kwa mapenzi ya shangazi yangu.

Shangazi ni msusi. Saluni yake ina viti viwili, kioo chenye ufa pembeni na benchi la wanaosubiri, na kiti cha pili ni changu mimi. Mdomo wake haujui likizo, na ndio uliompeleka kwenye bodi. Mbwa wasio na mwenyewe walikuwa wakipasua mifuko ya taka mbele ya saluni, akaenda manispaa kulalamika, akalalamika mpaka ofisa akaweka kalamu chini.

"Mama," ofisa akamwambia, "bodi ya huduma za wanyama ina kiti cha mwakilishi wa wakazi, kiko wazi siku nyingi. Kwa nini usiende ukawasemee huko?"

Alidhani amemkomesha. Shangazi akamuuliza kikao ni lini.

Bodi hiyo ndiyo inayosimamia kituo wanakopelekwa wanyama waliookotwa mitaani: wanavyolishwa, wanavyotibiwa, na masharti ya kumpa mtu mnyama akamfuge. Ilikuwa na wajumbe watano. Alikuwepo Mwenyekiti, mwanamume wa suti nyeusi iliyonyooka hata mgongoni. Mwalimu mkuu mstaafu. Mwanasheria mmoja mwanamke, tukimwita Wakili. Na mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyejulikana mji mzima kama Mzee wa Saruji. Wa tano akawa Shangazi. Walikutana ghorofani, chini ya feni iliyonung'unika kila ilipozunguka, wakawa wanasimamia wanyama ambao hawajapata kuwaona. Kanuni ilitaka kila mwezi mjumbe mmoja, kwa zamu, aende kukagua kituo. Wenzetu walikagua kwa simu. Mjumbe anapiga, anauliza hali, anaambiwa shwari, na ukaguzi umekwisha.

Mimi nilikuwepo siku ya kwanza, maana vikao ni vya wazi na kuna benchi la wananchi ambalo halikaliwi na mwananchi yeyote. Shangazi aliwasikiliza, kisha akainua mkono.

"Samahani, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mimi sijawahi kumsuka mtu kwa simu."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Hapohapo ikakubaliwa zamu zifanyike kwa miguu, na mwenye mdomo aanze.

Kituo kiko nyuma ya soko, ukuta kwa ukuta na gereji ya manispaa. Mabanda ya waya, sakafu ya saruji inayooshwa asubuhi na jioni, harufu ya dawa, na kelele ambazo sitaki hata kuzikumbuka. Mimi nilibaki getini, mkono kwenye komeo. Shangazi akaingia na mtunzaji, mama mmoja wa gambuti na kicheko cha karibu. Mbele yao alitangulia mbwa mzee wa rangi ya kahawia, sikio moja limelala, akisimama kwenye kila banda na kuchungulia ndani kabla ya kwenda la pili.

"Huyo tunamwita Meneja," mtunzaji akasema. "Kila mgeni yeye ndiye anayemtembeza. Ila watu wanataka watoto wa mbwa, mzee kama huyu hawamtaki."

Walipomaliza, Meneja akamwegemea Shangazi mguuni kwa uzito wake wote, akashusha pumzi. Shangazi akanyamaza. Nimefanya naye kazi miaka yote hii, na sikuwahi kumwona amenyamaza bila kuwa na pini mdomoni.

Tangu mtoto wake wa mwisho aolewe, Shangazi anaishi peke yake. Tulipokuwa tukirudi akaniambia, "Binti, ile nyumba nikisema neno inanirudishia mwenyewe. Namtaka yule mbwa." Nikamwambia akimleta mimi sikanyagi kwake. Akasema sawa, chai itabaki nyingi.

Akaenda kikao cha pili amejiandaa kuwaambia kwamba anamchukua Meneja. Kabla hajafungua mdomo, Mwenyekiti akaleta hoja: kituo kifungwe, eneo lichukuliwe na gereji, malori yameongezeka na hayana pa kulala. Wanyama watakaokosa wa kuwachukua "watalazwa usingizi."

"Usingizi wa kuamka?" Shangazi akauliza.

Mwenyekiti akatazama makaratasi yake. Hakuwa mtu mbaya, ni mtu aliyependa vitu vinyooke. Kura ikapangwa ipigwe baada ya kila mjumbe kumaliza zamu yake ya kukagua, ili isije ikasemwa wameamua gizani. Ndipo Wakili akakumbusha kanuni ya maslahi: mjumbe aliyechukua mnyama kituoni, yeye au mtu wa nyumbani mwake, ana maslahi, na siku ya kura atatoka nje. Wakibaki chini ya watatu, kikao hakina akidi, na hoja imekufa mpaka iteuliwe bodi nyingine. Hilo la mwisho alilisema harakaharaka, kama jambo lisiloweza kutokea.

Nilimwona Shangazi akilikunja neno lake moyoni. Akimchukua Meneja, anapoteza kura. Akiitunza kura, Meneja anabaki bandani, na kituo kikifungwa kabla ya kumtoa, sindano.

"Mchukue tu," nilimwambia saluni, mimi nisiyependa mbwa. "Hao wengine utawaokoa wewe?"

"Kuna mabanda mangapi pale? Nimchukue mmoja niwape wengine mgongo?" Akavuta msuko wa mteja mpaka mteja akasema aa.

Basi akawa anakwenda kumtazama tu. Kila tulipofunga saluni mapema, tunapita nyuma ya soko. Mimi getini, yeye ndani, Meneja mguuni kwake. Siku moja familia moja ilikuja, na baba akasema huyu mzee anaonekana ana adabu. Shangazi akatoka, akaingia stoo ya chakula iliyo nje ya geti, akafunga mlango. Wakaishia kuchukua mtoto wa mbwa mwenye madoa. Nilipousukuma mlango, alikuwa amekalia gunia, uso umelowa, anacheka na kulia kwa pamoja, na anaona aibu kwamba anafurahi. Nilikaa naye pale juu ya gunia.

Wakati huo zamu zinaendelea. Mzee wa Saruji alikwenda, akarudi na taarifa fupi kwamba kituo kipo. Mwalimu alikwenda, akaongea kuhusu paa linalovuja na kubadilisha mada. Wakili alikwenda mara mbili, akasema mara ya kwanza hakuona vizuri. Mwenyekiti alikwenda na mkewe, wakiwa njiani kwenda harusini, na akasema hakukaa. Shangazi alizidi kukonda. Kila mjumbe alikuwa mkavu kama karatasi, na yeye akaona hana hata mwenzake mmoja wa kupinga naye.

Siku ya kura nilikaa kwenye benchi langu la wananchi. Feni inanung'unika. Katibu wa bodi akasoma hoja, kisha akauliza, kama kanuni inavyotaka, kama kuna mjumbe mwenye maslahi.

Kiti kikakwaruza sakafu.

"Ni paka," Mzee wa Saruji akasema, macho kwenye meza. "Dukani panya wametuzidi. Ni wa kazi tu yule."

"Wa kazi tu?" Mwalimu akamgeukia. "Mbona juzi nilikukuta umempakata pale kaunta, unamwimbia?"

"Na wewe ulikuja kununua nini, Mwalimu? Si mnyororo wa mbwa?"

Mwalimu akakohoa, akasimama, wakatoka wote wawili. Wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Mwalimu wa watu alikohoa mpaka mlangoni. Wakili akakusanya mafaili yake taratibu, akasema kwa sauti ya mahakamani kwamba ana mapacha. Tukamtazama. "Mbwa," akasema. "Wawili. Walikuwa wanalia nikiwatenganisha." Akatoka akiwa amekaza midomo, lakini mabega yalikuwa yakicheka.

Wakabaki wawili, Mwenyekiti na Shangazi. Nilijua kanuni: wawili si akidi. Lakini Mwenyekiti alishika meza kwa mikono miwili akasema hoja bado haijatangazwa kufa, inawezekana kikao kiahirishwe, watafutwe wajumbe wa muda, kura ipigwe wiki ijayo.

Shangazi alikuwa anatazama suruali ya Mwenyekiti chini ya meza. Suti ile nyeusi iliyonyooka ilikuwa na manyoya meupe kutoka gotini kwenda chini, mengi, ya mnyama aliyejisugua kwa raha zake zote.

"Mheshimiwa," Shangazi akasema kwa upole, "huyo ni wa nani?"

Mwenyekiti akajipangusa. Manyoya yakahamia kwenye mkono wa koti. "Ni mke wangu," akasema. "Si mimi. Tulipita tu, yeye akaingia, akatoka na paka kwenye mkoba. Harusini alikaa naye mpaka keki ikakatwa." Akapangusa tena, kisha uso wake ukalegea na nikaona kumbe ana mwanya. "Analala kwenye viatu vyangu, Mama. Kila asubuhi namwomba ruhusa nivae."

"Mtu wa nyumbani mwako," katibu akakumbusha, kalamu mkononi.

"Najua kanuni, bwana." Mwenyekiti akainuka, akafunga koti lake lenye manyoya, akatoka akawakuta wenzake koridoni, na kile kicheko kilichopasuka huko nje mlango haukuweza kukizuia.

Ndani akabaki Shangazi peke yake kwenye meza ndefu, na kura yake aliyoitunza kwa machozi, na hakuna pa kuipiga. Alitazama viti vitupu kimoja kimoja.

"Hakuna akidi," katibu akasema. "Hoja imeanguka, Mama. Kituo kinabaki."

"Kwa hiyo kura yangu haina kazi tena?"

"Haina."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

Shangazi akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka nyuma yake, wala hakukiinua. "Basi andika na mimi nina maslahi," akasema. Akanipita pale kwenye benchi akikimbia, viatu mkononi, na mimi nikamfuata mbio mpaka nyuma ya soko, nikapita lile geti na kuingia ndani.