Kumi na Sita ya Mwalimu Ntahomvukiye

Mwalimu Ntahomvukiye alikuwa na miaka arobaini na saba alipoamua kuwa mwanafunzi tena, na mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka. Nilikuwa na haki hiyo. Tulifundisha shule moja kule kwetu Burundi, Rumonge, miaka kumi na mmoja, tukakimbia kwa njia moja, na hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, tulipewa vyumba vya gereza la zamani vinavyogusana ukuta. Akikohoa kwake, mimi kwangu nasema pole.

Mwaka huo, tisini na sita, chuo kikuu kimoja cha Lilongwe kilikubali kupokea wakimbizi wawili kwa kuwajaribu. Fomu zilikuja mbili, yake na yangu. Yeye alijaza. Mimi nilisema mtu mzima hakai dawati moja na watoto, na karatasi yangu nikaikata iwe patroni ya kola, kipimo cha kukatia kitambaa, maana siku hizo nilikuwa nimeshakuwa fundi cherehani.

Sharti la chuo lilikuwa moja: mwisho wa muhula wa kwanza apate nusu ya alama au zaidi. Akikosa, kiti kinaondoka, kibali cha kutoka kambini kinaondoka, na yeye anarudi kusimama nasi kwenye mstari wa mahindi mpaka Mungu atakapokumbuka Burundi. Na masomo yote ni kwa Kiingereza. Sisi tulisomeshwa kwa Kifaransa, tena kwa fimbo. Kiingereza cha Ntahomvukiye kilitoka kwenye kitabu kimoja kisicho na jalada, na alikisema kama mtu anayetafuna wali wenye mawe.

Basi kila Jumatatu alivaa koti la harusi yake, akapanda matola, yale magari ya wazi yanayobeba magunia na watu pamoja, akaenda Lilongwe. Wiki nzima alilala mtaa wa Chinsapo kwa mchungaji mmoja wa kwetu. Ijumaa anarudi, na kambi nzima inapewa habari. Kwamba profesa akiingia, yeye anasimama wima, peke yake, katikati ya vijana wanaoendelea kubishana mpira. Kwamba vichwa vya somo anavipigia mstari kwa rula na wino mwekundu. Kwamba somo lote analishika kwa kichwa, neno kwa neno, mpaka pale profesa anapokohoa.

"Njo namna ya kusoma," aliniambia. "We unajua, Faustin. Unamrudishia mwalimu maneno yake, hata moja lisipotee."

Nilijua. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo tulivyofundisha, na mtoto aliyepoteza neno tulimchapa.

Ijumaa moja mwezi wa tano alishuka kwenye matola amekumbatia karatasi ya mtihani wake wa kwanza. Juu yake, ndani ya duara jekundu, iliandikwa 16. Hakuna kingine.

Ninyi mliosomea kwa Waingereza hamtaelewa. Kwetu alama ni juu ya ishirini. Mwenye kumi na mbili ni mtu. Mwenye kumi na nne, wazazi wake wanaandikiwa barua. Kumi na sita nimeitoa mara mbili maisha yangu yote, na mara moja nilijuta. Ishirini ni ya Mungu mwenyewe. Thacienne, mke wake, aliiona ile karatasi akaketi chini. Kesho yake kuku wake wa pekee, aliyekuwa anataga, akaingia chunguni. Majirani wakaleta maharage, wengine pombe ya mahindi, na watu wa kanisa wakajifanya hawaioni. Nani alitoa hotuba? Mimi. Nilisimama juu ya ndoo nikasema kumi na sita haipatikani hivi hivi hata Ulaya, na mbele ya watu wote nikamtangazia grande distinction, ile heshima kubwa ya Kifaransa.

Irambona, binti wa yule mchungaji wa Chinsapo, alikuwa amekuja na baba yake kula. Alisoma darasa moja na Mwalimu. Thacienne akamuuliza, kwa huruma ya aliyeshinda, "Na we, mwanangu, ulipata ngapi?"

"Sitini na nane, mama."

Watu wakacheka. Mimi nilizidi. Nikamwambia, "Binti, sitini na nane juu ya ishirini haipo, hata mbinguni."

Akatuangalia mmoja mmoja. "Iko juu ya mia," akasema taratibu. "Zote ziko juu ya mia."

Ntahomvukiye alikuwa ameshika paja la kuku. Akalirudisha kwenye sahani, akanawa mikono, akaingia ndani.

Tulimcheka mwezi mzima, mimi mbele. Akisema ameamka salama, tunauliza: juu ya ngapi? Akisema baridi imezidi leo: juu ya ngapi? Watoto walimwimbia hivyo kwenye bomba la maji. Ile hotuba ya juu ya ndoo hakuna aliyeitaja, na mimi sikuwakumbusha.

Irambona ndiye aliyekaa naye wakasoma upya lile swali la mtihani. Lilitaka maoni yake. Yeye alikuwa amerudisha somo zima, pamoja na kikohozi.

"Maoni," alikuja kuniambia, amekasirika kweli. "Mwanafunzi iko na maoni gani? Na kule kwetu, Faustin, mwenye maoni alifika wapi?"

Hapo sikucheka. Kule kwetu wenye maoni tuliwazika, wale tuliopata cha kuzika. Tuliobaki ni sisi tuliokuwa tunamrudishia kila mkubwa maneno yake.

Lakini mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki sita, na kiti kilikuwa kinaondoka. Akaanza mazoezi, na sisi tukateseka. Kwenye bomba: kwa maoni yangu, mstari huu ungeanzia upande ule. Kwa mhubiri: kwa maoni yangu, mahubiri yangekatwa nusu. Kwa Thacienne, juu ya ugali wake: kwa maoni yangu, nsima hii haikuiva. Siku hiyo alilala njaa. Karani wa ugawaji alimtoa mstarini, yeye na maoni yake. Kila alipomaliza kusema aligeuka kutazama nyuma, nilimwona, mikono ameificha kwenye mifuko ya lile koti. Kesho yake anaanza tena.

Mwezi wa nane alirudi tukiwa tumekaa nje, mimi kwenye cherehani yangu, majirani wamenizunguka. Akampa Thacienne karatasi.

"Hamsini na tatu," Thacienne akasoma.

Nilikuwa tayari. "Juu ya ngapi?" nikauliza, na watu wakaanza kucheka kama kawaida.

Thacienne hakucheka. Alikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kifuani.

"Juu ya mia," akasema. "Na we, Mwalimu Faustin? We uko na ngapi?"

Watu wakageuka kunisikiliza. Nikainamia kazi yangu, nikazungusha gurudumu, nikashona kola yote mpaka mwisho, na kwenye sindano hapakuwa na uzi.