Mama Anakwenda Ganga

Hija yenyewe ilikuwa fupi. Kutoka Bombei, Bara Hindi, kwa garimoshi hadi Nasiki, ambako mto unapita katikati ya mahekalu. Kutoka Nasiki kwa gari la ng'ombe hadi Trimbaki, chini ya mlima unakochimbuka mto huohuo. Kuoga, kuomba, kurudi. Njia ya kuifikia Bombei ndiyo iliyokuwa ndefu, maana sisi tulikaa Makwale, kaskazini kabisa mwa Ziwa Nyasa, na ilitubidi tushuke ziwa lote kwa meli, kisha mito ya Waingereza na Wareno hadi baharini.

Enzi hizo za Wadachi nilikuwa na duka la nguo na chumvi. Mama yangu, mjane, aliishi nami. Magoti yake yalizidi kuharibika kila masika, naye alikwisha kuniambia, bila kulia wala kulalamika, kwamba mwaka huu akishindwa kwenda hataniomba tena. Nilimwelewa. Mama hakuwa mtu wa kusema hivyo ili abembelezwe.

Nilianza na jambo gumu zaidi, yaani chakula. Mama hakula nyama wala samaki, wala chochote kilichopikwa na mkono asioujua, na mpishi wa melini Mama hakumjua. Tukapika chapati nyembamba zilizokandwa kwa mafuta na manjano, ambazo hukaa muda bila kuharibika. Tukafunga mchele uliokaangwa, karanga na sukari guru. Maji angechota mwenyewe kwa chombo chake cha shaba. Binamu yangu akaja kushika duka. Meli ilikuwa imekwisha kutia nanga Mwaya, ikipakia mchele, na kesho yake mchana ingeondoka. Lililobaki lilikuwa kumfikisha Mama bandarini, na kwa magoti yale asingefika kwa miguu. Nikapatana na wachukuzi wa machila, Wanyakyusa majirani zetu, wambebe katika kitambaa kilichoning'inizwa kwenye mti.

Siku hiyo mkuu wao alipita kumwamkia.

"Ugonile, juba," alisema, akimwita mama, maana huko mama wa mwenzako ni mama yako. "Safari ya wapi?"

"Ganga," Mama akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi kwenda Ganga."

Watu wa Nasiki huuita mto wao Ganga, kwa jina la ule mkubwa wa kaskazini ya Bara Hindi, na Mama hakuwa na jina jingine la mto mtakatifu. Nilikuwa ndani nafunga mizigo. Neno nililisikia, sikulitilia maanani.

Asubuhi wachukuzi hawakuja. Walikuja wanawake wa jirani na ndizi zao, wakaketi mbele ya duka, wakanyoosha miguu. Niliwasalimu, wakaniitikia kwa sauti ya chini, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Nikaenda mbio kwa mkuu wa wachukuzi. Alikuwa ameketi mlangoni pake, wenzake kando yake.

"Bwana, hatuwezi," alisema kabla sijauliza.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ila machila yetu haibebi ndui."

"Ndui ipi?"

"Mama amesema mwenyewe anakwenda kugangwa. Na mtu havuki bahari kwenda kugangwa mafua."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wakati ule ndui ilikuwa ikivumishwa pwani nzima ya ziwa, na askari wa Mwaya walimrudisha kila aliyeshukiwa. Habari hii ikitutangulia bandarini, Mama asingepanda meli hii, wala nyingine. Nikamweleza mkuu kwamba Ganga ni mto, watu huenda kuoga.

"Ndivyo unavyosema pia kwamba kaniki zako hazichuji," alijibu. Wenzake wakacheka. Hata hivyo waliinuka, wakanifuata hadi dukani, wakaishia kusimama mbali, migombani.

Miongoni mwa wanawake wale alikuwamo Mkisi mmoja aliyetoka Matema kuuza vyungu. Ndui ilikwisha kumpitia zamani, uso wake ulikuwa na mashimo, hivyo hakuiogopa tena. Alimsogelea Mama, akamkunja mikono ya nguo, akamtazama viganja, kwapa, shingo na ulimi, taratibu, kama anayetafuta ufa katika chungu.

"Huyu ana magoti tu," akatangaza.

Nikamweleza Mama kwa Kigujarati yaliyotokea. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ukingo wa sari. Mkuu wa wachukuzi akasogea hatua chache.

"Juba, ni mto kweli?"

"Mto."

"Songwe ni mto. Mbaka ni mto. Kiwira ni mto. Yote hiyo unaipita ukaoge kwa watu?"

"Wewe oa Njisi," Mama akasema, maana mke wa mkuu alitoka kijiji hicho, mbali na kwetu. "Makwale hapana msichana?"

Wanawake walipiga makofi. Wachukuzi wakamgeukia mkuu wao, kila mmoja na neno lake la kumchoma, mpaka akainama kuushika mti wa machila.

"Haya, panda, juba, kabla ulimi wako haujamfikia mkwe wangu."

Walikwenda haraka, wakiimba jambo lililomhusu yeye na Njisi. Nilitembea nyuma, nikitazama kitambaa kikiyumba kwa uzito wa mtu mzima asiye na ndui. Mwaya tulikuta magunia ya mwisho yakipandishwa. Askari alimtazama Mama, akatazama mizigo, akatupungia mkono tupite.

Injini ilipoanza kunguruma nilishika ukingo wa meli, nikaona milima ya upande wa Matema ikianza kusogea. Mama aliuliza mbona natabasamu peke yangu.

"Tumeondoka," nikamwambia.

"Naona," akasema. "Magoti ndiyo mabovu. Macho ninayo."