Bolti ya Pikipiki ya Babu

Juzi, nikiwa Rongo, fundi mmoja alimimina dizeli kwenye injini iliyokuwa bado na moto, na harufu yake ikanirudisha ghalani kwetu, nje kidogo ya Awendo, nikiwa na miaka kumi na wivu umenifika kooni. Sitawaficha. Nilimwonea mtu wivu kwa sababu ya bolti.

Pikipiki ilikuwa ya babu. Ndiyo aliyoipanda akienda kumchumbia nyanya, na alipofariki ikabaki ghalani miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti chake. Baba alikuwa mwalimu, na likizo moja ya Agosti akaamua kuifufua. Injini ilikuwa imekwama, na ili aifungue ilibidi kwanza aitoe kwenye fremu. Bolti zote zilizoishikilia zilitoka, isipokuwa moja ya nyuma, ndefu, iliyopenya injini kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Hiyo kutu ilikuwa imeikumbatia na haikutaka kuiachia. Baba aliisukuma, akaivuta, akaitukana kwa Kijaluo, kisha akakaa chini na kusema bolti ya namna hii haitaki nguvu, inataka kubembelezwa.

Wiki hiyohiyo akaja Awuor. Alikuwa binti wa shangazi yangu wa Karungu, dada yake baba, ambaye tulikuwa tumemzika mwezi uliotangulia. Tulikuwa rika moja. Alikuja na begi moja na ndoo ya omena, wale dagaa wa ziwani, akaonyeshwa nusu ya kitanda changu.

Awuor lilikuwa jina la nyanya. Kwetu, mtoto aliyebeba jina la mama yako humwiti hivihivi tu, kwa hiyo baba alimwita Mama. "Mama, umekula?" "Mama, umelala vizuri?" Mimi, kifungua mimba wake, niliitwa Achieng, na mara nyingi jina hilo lilifuatwa na swali la nani amevunja kikombe. Tena Awuor hakuchapwa. Nani atainua fimbo juu ya mama yake mzazi? Mimi na wadogo zangu tulichapwa kwa zamu, na nakiri kwamba mara nyingi tulistahili.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," mama yangu alisema. Siku ya tatu ilipofika, baba hakumpa Awuor jembe. Alimpa kopo la dizeli.

Kazi ilikuwa hivi. Asubuhi na jioni unadondosha dizeli kwenye ncha zote mbili za bolti. Unafunga nati kwenye ncha moja, unagonga juu ya nati kwa nyundo ndogo, taratibu, halafu unashika spana na kuizungusha bolti kidogo mbele, kidogo nyuma. "Nyundo haigongi bolti uchi," baba alituonya sote wawili. Kipigo ni cha nati, bolti ibaki nzima. Kisha akaongeza neno lililonikosesha usingizi: pikipiki ikipona, mwenye kopo ndiye atakayepakiwa kwanza, mpaka Homa Bay, akaone ziwa.

Hebu fikirini. Mtoto wa Karungu, aliyezaliwa ziwani, akaogeshwa ziwani, ndiye apelekwe kuona ziwa! Mimi nilikuwa nimeona miwa tu.

Kila siku niliketi juu ya gunia nikimtazama. Alidondosha, akagonga, akazungusha, na baba akipita alimgusa bega. Bega langu lilikuwepo pia, wala halikuwa mbali.

Siku ya nane baba alikwenda mjini, mama shambani, Awuor kisimani. Nikaingia ghalani. Nia yangu ilikuwa moja: niitoe bolti mimi, baba akirudi aikute mkononi mwangu. Nikachukua nyundo kubwa. Nilipogonga juu ya nati niliona kama inameza nguvu zangu bure, kwa hiyo nikaifungua, nikaitupa kando, nikaigonga bolti yenyewe kwa hasira zangu zote. Haikusogea hata kidogo. Ila ncha yake ilibonyea na kutanuka kama uyoga, ikawa pana kuliko tundu ililopaswa kupitia. Nikajaribu kurudisha nati. Ikakataa.

Baba aliporudi alitupanga mbele ya ghala, mimi na Awuor.

"Nani aligonga hii kitu?"

Sijameza mate, Awuor akapiga hatua mbele. "Nera, ni mimi." Hivyo ndivyo alivyomwita baba, yaani "mjomba wangu" kwa Kijaluo.

Baba alimtazama sana. Fimbo ilikuwa palepale, juu ya mlango. "Basi, Mama," akasema kwa upole. "Kesho tutatumia tupa."

Akaondoka. Awuor akabaki amesimama, macho kwenye ile fimbo, kama mtu aliyefika kwenye chakula na sahani zimekwisha. Mnadhani nilishukuru? Nilikasirika. Hata kosa langu alikuwa amelichukua, na msamaha wake akapewa yeye.

Kesho yake baba aliinyoa ile ncha kwa tupa mpaka nati ikakubali kuingia. Halafu akachukua pasi ya mama, akaijaza makaa, akaiegemeza kwenye ubavu wa injini ili chuma cha nje kitanuke na kuiachia bolti. "Yawa! Na nguo za kanisa nitapiga na nini?" mama alilalamika. Baba akagonga, dizeli ikafuka moshi, na ghafla bolti ikalia kwa sauti nyembamba na kusogea. Aliyeivuta mpaka ikatoka alikuwa Awuor.

Pikipiki ilipopona, ndiye aliyepakiwa kwanza. Nilisimama kando ya miwa nikila vumbi lao. Aliniletea samaki wa kukaanga kutoka Homa Bay. Nikamkataa huyo samaki mbele ya watu wote, kisha nikamla nyuma ya choo.

Siku hizi Awuor anaishi hukohuko Homa Bay, na ile bolti, ambayo baba alimpa alipofunga mpya, anaitumia kuzuia mlango wa jikoni usijifunge. Mwaka jana nilimtembelea, tukawa tunachambua mboga, nikaona nimebeba mzigo wa kutosha. Nikamwambia ni mimi.

"Najua," akasema. "Nilikuona. Nilikuwa nimesimama hapo na ndoo."

"Sasa mbona ulisema ni wewe? Ulinionea huruma?"

Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Huruma gani, Achieng? Nilitaka anichape."

Nikadhani ananitania, lakini alikuwa ameacha kucheka. "Nyinyi alikuwa anawachapa, mnalia, halafu jioni mnakalia miguu yake. Mimi nilikuwa naambiwa tu pole, Mama. Nikasema leo nimeharibu kitu yake ya maana, leo lazima anichape. Hata hiyo akakataa." Akaokota kisu. "Wacha nikwambie, nilikuwa nakuonea wivu wewe."

Mama alisema mgeni ni siku mbili. Awuor alikaa kwetu miaka tisa, na hakuna siku hata moja aliyochapwa.