Punje Nyeupe ya Upande wa Pili

Mwanangu alifumbua macho vizuri siku ya tatu, na macho yenyewe yalikuwa ya kijivu, rangi ya maji ya mvua ndani ya ndoo. Nilikuwa nimejilaza chumbani kwetu Boko, pazia linapumua, feni inazunguka kivivu, mwili wangu kama unaelea. Nikadhani naota.

Mama mkwe hakudhani anaota. Alikuwa ameshuka kutoka Upareni kuja kunikanda kwa maji ya moto, na alikuja na jina. Kwao mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la bibi mzaa baba, na bibi mwenyewe ndiye wa kwanza kumwita nalo. Alimsogeza mjukuu dirishani, akakagua ncha za masikio aone atakuwa mweusi kiasi gani, akaridhika. Kisha akaona macho. Jina likarudi tumboni.

"Haya macho kwetu hayapo," akasema.

Wiki nzima mtoto akaitwa Mtoto. Mume wangu nikimuuliza, anajibu, "Mama ataamua," halafu anawahi kazini kuliko kawaida yake.

Ndipo nikaelewa kuwa nashukiwa. Mie! Mtu niliyejiandaa siku mbili kwenda Mwenge kununua shuka, nikaghairi nikiwa getini! Tangu niolewe, wanaume waliovuka geti letu ni mume wangu na fundi bomba. Muuza mkaa namwambiaga aache gunia nje. Nikiri tu: kidogo nilijisikia fahari, kudhaniwa nina maisha ya kusisimua namna hiyo. Lakini nilipomtazama mtoto akinyonya bila jina, fahari ikaniisha.

Nikajitetea vibaya. "Bibi yangu mzaa mama alikuwa na damu ya Kiarabu, mama. Macho yake hivihivi."

"Ahaa. Basi huyu ni wa kwenu," akasema, akaendelea kunikanda mgongo, sasa kwa nguvu zaidi.

Kesho yake mchana alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mekundu na meupe yamechanganyika. Nilikuwa nasinzia pembeni yake, na katika ule usingizi wa mang'amung'amu akanijia mwalimu wetu wa biolojia wa kidato cha nne, na chaki yake. Somo lenyewe nilipata D, lakini D yangu ilikuwa ya uhakika. Nikachota punje.

"Mama, kila mtu ana punje mbili za macho, moja ya baba, moja ya mama. Nyekundu ndiyo inayotawala. Ikiwepo hata moja, macho yanakuwa meusi. Nyeupe inajificha, lakini ipo."

"Kama mahindi," akasema bila kuinua kichwa. "Unapanda ya njano, ukimenya hindi unakuta meupe mawili matatu yamekaa katikati kama wageni."

Nikamwona mwalimu wangu akipiga makofi.

"Ndiyo hivyo! Sasa mie nina nyeupe moja, ya bibi. Lakini peke yake isingetosha, nyekundu ya baba yake ingeifunika. Ili macho yawe hivi zinatakiwa nyeupe mbili."

Akazitazama punje mbili kwenye kiganja changu. "Na hii ya pili imetoka wapi?"

"Kwa mwanao. Naye kaipata kwenu."

Siku hizi naambiwa mambo ya macho yana punje nyingi kuliko zile mbili za mwalimu. Siku ile sikujua, nashukuru Mungu.

Akarudi kuchambua maharage. Feni ilizunguka, mwanga ukahama kutoka kwenye ungo hadi mkekani.

"Kwangu hapana," akasema hatimaye. "Hiyo itakuwa ya marehemu mzee. Wakwe zangu hao! Miaka yote wananiringia eti kwao hakuna kilichochanganyika. Kumbe wameficha!"

"Inawezekana, mama," nikasema, nikiuma midomo nisicheke.

"Inawezekana nini? Ndivyo ilivyo!"

Akafuta mikono kwenye khanga, akamchukua mtoto, akayatazama yale macho kwa karibu, safari hii kama mtu aliyepata ushahidi. Kisha akamwita kwa jina lake mwenyewe, taratibu, kama anayejiita kutoka mbali.

Mtoto akapiga chafya.

"Umesikia?" mama mkwe akaniambia. "Ameitika."