Futi Thelathini Hadi Mlangoni

Kwa miaka kumi na miwili niliingia kanisani nikiwa nimebebwa. Kanisa letu liko mtaani Rhonda, karibu na kibanda changu cha ushonaji, na mlango wake mkubwa uko juu ya ngazi tano. Mimi natumia kiti cha magurudumu, kwa sababu polio iliichukua miguu yangu nikiwa mtoto. Kila Jumapili wanaume wanne walinishika, wawili mbele na wawili nyuma, wakaniinua mimi na kiti changu, na kanisa zima likageuka kutazama. Wengine walipiga makofi. Kuna mama mmoja aliyekuwa akitoa machozi kila wiki, yale yale, bila kuchoka.

Nilichukia. Niseme wazi, kwa sababu watu walidhani nashukuru. Mmoja wa wale wabebaji alipenda kunishika kwapani ilhali kiti kina mahali pa kushika. Mwingine hakukosa utani: "Mathe, leo umekula ugali mingi!" Nilicheka naye, kisha nikaimba nyimbo zote huku nimenuna. Mmoja akiwa amesafiri, nilingoja nje chini ya jua mpaka apatikane wa nne, nikisikiliza maombi kupitia dirishani kama mtu aliyekuja kuomba maji.

Halafu binti yangu akaleta habari kwamba anaolewa. Ndiye mtoto wangu wa pekee, na nimemlea peke yangu kwa cherehani ile ile ya mkono. Alikaa kwenye kitambaa nilichokuwa nikikikata, nikamfokea, hakuinuka.

"Mum, wewe ndio utanipeleka mpaka mbele," akasema. "Si anko, si mtu mwingine. Wewe."

Nilikubali papo hapo. Usiku huo nilikumbuka zile ngazi na usingizi ukaruka.

Mzee wa kanisa anayesimamia ujenzi hakuona shida. "Vijana watakubeba tu," aliniambia. "Hiyo siku tutachagua wale wako na suti."

"Mzee, mimi sibebwi mbele ya mtoto wangu siku ya harusi yake. Wanaume wanne wakinibeba tena, iwe nimekufa."

Alisema hayo si maneno ya mama Mkristo. Kisha akanipa wazo lake la pili: mlango wa nyuma, ule wa jikoni, hauna ngazi. Nikamuuliza kama binti yake yeye alipitia katikati ya masufuria akienda kuolewa. Akavaa kofia yake akaenda.

Lakini alirudi, na kwa hilo nampa heshima yake. Jumamosi moja alimleta fundi wa mawe, na kufikia jioni kulikuwa na rampu, njia ya mteremko ya simiti, kando ya ngazi. Jumapili akaniita mbele ya watu niione na nitoe neno la shukrani. Niliitazama. Ilikuwa na urefu wa futi sita, imesimama wima kama ule ubao ambao mafundi hupandishia wilbaro. Fundi wa watu alikuwa amejenga anachokijua.

Nilijivuta nikakaa kwenye benchi, nikakisukuma kiti changu mbele. "Mzee," nikasema, "kikalie, uipande mwenyewe."

Alicheka. Watu walikuwa wakitazama, ikabidi akae. Alisukuma magurudumu mara tatu kwa nguvu zake zote, akafika katikati, kiti kikaanza kurudi nyuma na yeye ndani. Kofia iliondoka kivyake. Vijana walimdaka akiwa ametoa macho.

"Hii ni Mlima Longonot!" akasema, akihema.

Sikucheka. Sawa, nilicheka kidogo. Kisha nikatoa utepe wangu shingoni, ule ninaopimia viuno vya watu, nikapima ngazi moja moja. Inchi sita kila moja, mara tano, jumla inchi thelathini. Yule daktari wa mazoezi aliyenipa kiti alinifundisha kwamba kila inchi moja ya kupanda inataka futi moja ya njia. Nikamwambia mzee, futi thelathini, na mahali pa kupumzika katikati, na ukingo pembeni gurudumu lisitoke.

"Futi thelathini? Hiyo itakula bustani ya maua yote! Na ni ya mtu mmoja!"

Hapo ndipo nilipowaka. Nilimwambia kazi yangu ni nguo. Ninaposhona sare ya mtoto wa shule, naacha pindo la inchi tatu chini, na hakuna mzazi ambaye amewahi kuniuliza hilo pindo ni la nani. Najua mtoto atakua. Mwili haukai ulivyo. Sasa hawa waliojenga kanisa hili walimkata nguo kijana mmoja wa miaka ishirini mwenye magoti mazima, wakasema imetosha kwa wote. Hawakuacha pindo. Wakati wa kujenga, hizo futi thelathini zingekuwa kazi ya siku chache na maua yangepandwa kwingine. Leo inabidi tuvunje. "Na wewe mzee," nikamalizia, "hilo goti lako nalisikia likilia ukipanda hapo."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, lakini maua yaling'olewa.

Rampu mpya ilizunguka upande wa kushoto, ikakunja kona moja, ikafika mlangoni polepole. Simiti ya juu waliikwaruza kwa ufagio ikiwa bado mbichi, ili tairi ishike. Mimi nilikuwa sijamaliza kuifurahia na tayari ilikuwa imejaa watu. Nyanya wawili waliokuwa wameacha kuja walirudi. Mwenye mkokoteni alipandisha kreti za soda bila kutukana. Akina mama wenye watoto mgongoni na mikoba mikononi walipitia huko. Na siku moja nikamkuta mzee mwenyewe akipanda taratibu, mkono kwenye ukingo. Aliponiona alisema anakagua kazi.

Asubuhi ya harusi nilifika nikiwa na binti yangu, gauni lake jeupe tumelishika tusiliburute. Nilitazama rampu nikaganda. Ilikuwa nyekundu na inang'aa. Akina mama wa kanisa, kwa mapenzi yao yote, walikuwa wameipaka nta nyekundu ya sakafu jioni iliyopita mpaka mikwaruzo ikajaa, wakaisugua hadi ukaweza kujiona uso. Ndivyo tunavyoheshimu sakafu kwetu. Niliweka kiganja, kikatoka chekundu. Nilisukuma magurudumu, nikapanda kama hatua mbili, nikateleza nikarudi nilipokuwa.

Wale wanaume wanne walikuwa wameshaanza kuvua makoti. "Mathe, ni ya leo tu," mmoja akasema kwa upole.

"Hiyo 'ya leo tu' nimeisikia miaka kumi na miwili!" Nilifoka na sikujali. "Usinishike!"

Ndani kinanda kilikuwa kimeanza. Akina mama walisimama wakiwa wameziba midomo, wengine wakilia, maana walijiona wameniharibia. Nilijiona nikirudi nyumbani. Binti yangu akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mum, unataka nini?"

Katika miaka yote ile, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo.

"Mchanga," nikasema.

Fundi alikuwa ameacha rundo nyuma ya jikoni. Wale akina mama walikimbia na mabeseni, katika sare zao za harusi nilizowashonea mimi, wakaumwaga mchanga kuanzia chini hadi mlangoni na kuukanyagia kwa viatu vyao vizuri. Vumbi likapanda juu. Kinanda kikarudia wimbo kwa mara ya nne.

Nilipanda. Mikono yangu mwenyewe, futi thelathini, na mahali pa kupumzika nilipumzika. Binti yangu alitembea kando yangu na hakugusa kiti, kwa sababu nilikuwa nimemwonya. Pindo la gauni nililolishona miezi mitatu lilifagia mchanga na nta mpaka likawa jekundu. Tulilitazama wote wawili, tukaendelea.

Tulipoingia, kanisa zima liligeuka. Nilijiandaa kwa makofi na yale machozi. Lakini macho yote yalikuwa kwake, kwa bibi harusi. Nilikuwa nimesukwa nywele saa nne nzima, nimevaa hereni mpya, na hakuna hata mtu mmoja aliyenitazama. Hapo ndipo nilipolia.