Wasifu wa Kauzu

Kila mtaa una mtu wake mgumu, na mtaa huu ulikuwa na Kauzu. Jina alibandikwa na watu, na lilimkaa vizuri. Kazi yake ilikuwa kuchapa: barua, maombi ya kazi, na hasa wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa makaburini kabla udongo haujaanza kushuka. Chumba chake kilikuwa na kompyuta moja, mashine ya fotokopi yenye kikohozi, na benchi la wafiwa.

Wafiwa walimwogopa kuliko msiba wenyewe. Ukimwambia, "Andika marehemu alikuwa mkarimu," anakutazama juu ya miwani. "Alimpa nani, nini? Shahidi yuko wapi?" Huna shahidi, sentensi hupati, hata ukigaagaa chini. Lakini hawakumhama, maana karatasi ya Kauzu ikisomwa, hakuna mtu anayeguna.

Basi siku moja daktari akampima, akamwambia moyo umevimba, apunguze chumvi na hasira. "Ukipuuza, mzee, mwaka huu huumalizi." Kauzu akarudi kazini, akafunga mlango, akaanza kuchapa wasifu wake mwenyewe, asije akaandikwa ovyo. Kuzaliwa, shule, ndoa, kazi: mistari minne. Kisha akachapa, "Alikuwa mkarimu," na mkono ukagoma. Alimpa nani, nini? Akafikiri mpaka shingo ikamuuma, asimpate hata mmoja. Aibu iliyomshika, jamani, usiombe!

Akaamua kutafuta mashahidi, tena haraka, kabla moyo haujakata shauri lake. Jirani yake mjane alipomwona anakuja kumbebea ndoo ya maji, alikimbilia ndani akatia komeo. Mwanafunzi aliyepewa fotokopi za bure alizigeuza nyuma na mbele, anatafuta mtego uko wapi. Mtaa mzima ukakubaliana kwamba huyu anataka udiwani. Mkewe, aliyeoshewa vyombo kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, alishika kiuno.

"Baba watoto, huyo mwanamke anakaa wapi?"

"Mwanamke gani? Mwenzio nakufa!"

"Kufa utakufa. Anakaa wapi?"

Hata hivyo, wiki haikuisha Kauzu akawa na sentensi tatu, kila moja na shahidi wake. Alifurahi mno. Akashuka kwenye mstari wa waliobaki, akachapa, "Ameacha mjane, watoto wawili na dada mmoja." Hapo akanyong'onyea. Yeye na huyo dada hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa.

Kisa kilikuwa mama yao. Alipofariki, dada mtu aliomba sentensi moja tu, kwamba alimuuguza mama mpaka mwisho. Kauzu, ambaye miaka yote ya ugonjwa wa mama alikuwa akifanya kazi mji mwingine, akamuuliza mbele ya wajomba, "Nani alikuona?" Dada akajibu, "Mama." Kauzu akasema shahidi aliyekufa hahesabiki. Ndiyo, alimwambia hivyo ndugu yake wa tumbo moja! Na mama akazikwa bila sentensi ile.

Sasa Kauzu akauchapa upya wasifu wa mama, sentensi ile akaiweka juu kabisa, akaenda nayo. Alimkuta dada yake jikoni akichambua mchele. Hakumkaribisha, hakumfukuza. Alifuta mikono, akasoma polepole, na Kauzu akasimama mlangoni akiogopa kuliko alivyoogopa kwa daktari.

"Umeandika miaka miwili," dada akasema. "Ilikuwa mitatu."

"Nitasahihisha. Nisamehe, mdogo wangu. Nilikukosea vibaya sana."

Dada akarudi kwenye mchele wake. "Unajua mama alikuwa akikuulizia kila asubuhi? Kila asubuhi, kaka. Namwambia umepiga simu, umemsalimu, uko njiani unakuja. Basi anachangamka, anakunywa dawa." Akatikisa kichwa, kicheko kikimtoka bila kutaka. "Miaka mitatu nilikusingizia wema."

Kauzu akakaa sakafuni, akalia kwa sauti, mzee mzima na miwani yake. Dada alimwacha alie mpaka atosheke, kisha akamsogezea ungo.

"Chambua na wewe," akasema. "Leo unakula hapa."